Kidhibiti mwendo cha CNC chenye hitilafu za kuvizia: kutafuta kosa kwa dalili

Hitilafu inayotulia mahali pake haisumbui sana: unapima, unaiona, unabadilisha kilichoharibika. Inayochosha ni ile inayotokea mara moja kwa zamu kisha ikatoweka mita inapofika. Hapo ndipo wengi huanza kubadilisha bodi, ilhali bodi ya kidhibiti mwendo (kifaa kinachoamuru mota za mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ni ya gharama kubwa na mara nyingi haina kosa lolote. Visababishi vya kawaida kwa mpangilio ni hivi: kiunganishi kilicholegea, kebo iliyochoka ndani, umeme wa 24 V au 5 V unaoyumba, kelele za umeme kutoka kwenye inveta ya spindo (kifaa kinacholisha mota inayozungusha kifaa cha kukatia), na mwisho kabisa bodi yenyewe.

Kabla ya kuuliza alamu inasema nini, uliza inatokea lini. Weka daftari kwenye mashine, na kwa kila tukio andika muda uliopita tangu iwashwe, mhimili (njia moja ya mwendo, kama X au Z) uliokuwa ukitembea, mahali ulipofika kwenye safari yake, kama spindo ilikuwa imesimama, inaanza au inazunguka, na namba ya alamu ya kwanza. Ya kwanza ndiyo yenye maana, kwa sababu zinazofuata huwa ni matokeo yake tu. Matukio matano yaliyoandikwa hivi husaidia kuliko siku nzima ya kupimapima. Yakitokea mahali pamoja kwenye safari, shuku kebo. Yakitokea spindo inapoanza, shuku kelele au umeme unaoshuka. Yakitokea baada ya saa moja au mbili za kazi, shuku joto.

## Kabla ya kufungua paneli

Nakili vigezo vyote (mipangilio) vya kidhibiti na vya draiva, yaani kifaa kinacholisha mota umeme kwa amri ya kidhibiti, uvihifadhi nje ya mashine. Mashine nyingi hutunza vigezo au nafasi za enkoda (sensa inayosoma mota imefika wapi) kwa betri ya lithiamu. Ukitoa betri hiyo umeme ukiwa umezimwa, au ukachomoa kebo ya enkoda ya nafasi kamili (inayokumbuka nafasi hata umeme ukizimwa), sifuri ya mashine, yaani mahali vipimo vinapoanzia, inaweza kupotea. Fuata mwongozo wa mtengenezaji neno kwa neno.

Umeme wa 230 V ukigeuzwa kuwa DC ndani ya draiva hufika kama 325 V, na ule wa 400 V hufika kama 565 V. Kapasita hubaki na umeme huo hata swichi kuu ikizimwa. Zima, funga swichi kwa kufuli, subiri muda ulioandikwa kwenye draiva (kwa kawaida dakika 5 hadi 15), kisha pima kati ya teminali za + na − za DC kabla ya kugusa kitu. Mhimili wa wima uwekee gogo imara chini ya kichwa chake. Usitegemee breki ya mota peke yake. Na usichomoe plagi ya mota ya stepa (inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo) draiva ikiwa imewashwa, maana mshtuko wa umeme unaotokea huua transista za draiva.

## Dalili ya 1: Kidhibiti kinajizima au kujiwasha upya katikati ya kazi

Taa za bodi huzimika kwa sekunde moja, nafasi zinapotea, na skrini inadai mashine irudishwe sifuri. Karibu kila mara hapa tatizo ni umeme unaolisha bodi.

Anza na teminali. Umeme ukiwa umezimwa, vuta kila waya wa 24 V na wa 0 V kwa vidole. Waya wa nyuzi nyingi uliopakwa lehemu kwenye ncha kisha ukabanwa kwa skrubu hulegea wenyewe, kwa kuwa lehemu ni laini na huendelea kubonyea kadiri miezi inavyopita. Kata ncha hiyo, ivishe feruli, yaani kikofia cha chuma kinachobanwa kwa koleo lake, kisha funga upya.

Washa, halafu pima volti kwenye teminali za kidhibiti. Usiishie kupima kwenye pawasaplai, kwa sababu kinachohusika ni kile kinachofika. Vifaa vingi vya 24 V vya viwandani vinakubali kati ya 20.4 na 28.8 V. Weka mita kwenye hali ya kurekodi kiwango cha chini na cha juu, kisha amuru breki, vali na kontakta (swichi kubwa zinazoendeshwa kwa umeme) zifanye kazi kwa pamoja. Tofauti kati ya pawasaplai na kidhibiti ikizidi 0.5 V, kuna kiungo kibovu au waya mwembamba njiani. Kitafute kwa kupima pande mbili za kila kiungo wakati mzigo unavuta: kiungo kizuri kinaonyesha milivolti chache, kibovu kinaonyesha makumi au mamia.

Mita ya kawaida haioni umeme ulioshuka kwa milisekunde mbili tatu. Ikiwa una osiloskopu, iweke ishike tukio volti inaposhuka chini ya 21 V, uiache ikisubiri wakati mashine inafanya kazi. Ukiona volti inadondoka kila kontakta au breki inapofunguka au kufunga, gawanya mizigo: pawasaplai moja ilishe kidhibiti na enkoda tu, nyingine ilishe vali, breki na rilei.

Baada ya hayo angalia pawasaplai yenyewe. Kapasita zake hukauka kwa joto; kwa kadirio la kawaida la mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kofia iliyovimba, majimaji ya kahawia yaliyovuja chini yake, au mawimbi makubwa kwenye 24 V yanayoongezeka mzigo ukipanda ni dalili tosha. Badilisha pawasaplai nzima. Kufungua pawasaplai ya umeme wa ukutani ili kubadilisha kapasita moja ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye vifaa vyake.

Pima pia 5 V ya bodi. Kati ya 4.75 na 5.25 V ni sawa. Bodi ndogo zinazopata 5 V kupitia USB huwa na udhaifu hapa: kebo ndefu na nyembamba huweza kuishusha hadi 4.4 V au chini, na bodi ikaanza kuyumba bila alamu yoyote.

## Dalili ya 2: Mhimili unapoteza nafasi

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ndiyo inayopoteza muda mwingi kwa sababu makosa ya kimakanika na ya kielektroniki yanafanana kwenye kipande kilichokatwa. Yatenganishe kwanza.

Chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya shafti ya mota, skrubu ndefu inayosogeza meza, na kapulingi inayoviunganisha. Weka dayali geji kwenye meza, tembeza mhimili 100 mm kwenda na kurudi mara 500 spindo ikiwa imezimwa, kisha usome geji. Rudia spindo ikizunguka bila kukata chochote. Halafu soma majibu:

- Mstari wa rangi umeachana: kapulingi inateleza. Kaza skrubu zake kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kidhibiti hakina kosa.
- Kosa linatokea spindo ikizunguka tu: kelele za umeme.
- Kosa linatokea hata spindo ikizimwa na linakua kadiri mwelekeo unavyobadilika: muda wa ishara si sahihi.
- Kosa linakuja mchana na kupungua mashine ikipoa: ni chuma kinachopanuka. Skrubu ya mita moja ikipanda joto kwa nyuzi 10 hurefuka kwa takribani 0.12 mm, na hakuna bodi itakayoponya hilo.

Kwa mashine za stepa, ukubwa wa kosa nao unasema mengi. Mota ya hatua 200 ikizidiwa na mzigo hupoteza hatua nne nne, kwa sababu ndiko sumaku zake zinakoweza kushika tena. Kwenye skrubu inayosogeza 5 mm kwa mzunguko, hatua nne ni 0.1 mm. Kwa hiyo kosa la 0.1, 0.2 au 0.3 mm hasa linaonyesha mota imezidiwa: kasi kubwa mno, reli za mhimili zilizokauka, mkondo wa draiva uliopunguzwa, au waya mmoja wa mota unaokatikakatika. Kosa lisilofuata mgawo huo, kama 0.0375 mm, linaonyesha mapigo (ishara za umeme zinazoamuru mota isogee) yamepotea au yameongezeka njiani kati ya kidhibiti na draiva.

Mapigo yakipotea, pitia hatua hizi.

Kwanza, viunganishi vya ishara. Chomoa na uchomeke tena umeme ukiwa umezimwa, angalia pini iliyorudi nyuma, safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99.

Pili, volti ya ishara. Draiva nyingi za stepa zina optokapla (vipande vinavyopitisha ishara kwa mwanga) zinazotarajia 5 V. Zikilishwa 24 V bila kizuizi cha takribani kilo-omu 2 kwa kila ishara, optokapla hudhoofika polepole, na hitilafu huanza miezi kadhaa baada ya mashine kufungwa. Kinyume chake, 5 V iliyoshuka hadi 4.4 V huifanya optokapla iwake kwa shida na kuruka baadhi ya mapigo.

Tatu, muda. Draiva za kawaida huhitaji pigo la angalau mikrosekunde 2.5, na mwelekeo uwe umetulia takribani mikrosekunde 5 kabla ya pigo linalofuata. Takwimu halisi zimo kwenye karatasi ya draiva. Ikiwa kosa ni dogo na linaongezeka kwa kila mgeuko wa mwelekeo, geuza upande wa pigo unaohesabiwa kwenye vigezo, au ongeza muda huo.

Nne, kelele. Kebo ya inveta kwenda spindo iwe na wavu wa kinga uliofungwa kwenye ethi pande zote mbili kwa kibanio kinachozunguka kebo. Wavu uliosokotwa kuwa mkia mrefu kabla ya kufungwa haufanyi kazi yake vizuri. Kebo za ishara ziwe angalau 200 mm mbali na kebo za nguvu, na zikilazimika kupishana zipishane kwa pembe mraba. Kila koili ya DC, iwe ya rilei, vali au breki, ipewe diodi ya 1N4007, upande wenye mstari ukielekea +. Koili za AC zipewe kizuizi cha omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 vilivyofuatana, kapasita iwe ya aina iliyoidhinishwa kuunganishwa kwenye umeme wa ukutani. Diodi hizo ni vitu vidogo, na inasikitisha kuona bodi mbili zimebadilishwa kabla mtu hajaangalia kama zipo.

## Dalili ya 3: Alamu ya enkoda au ya kuachwa nyuma, mara moja moja

Kwenye servo (mota inayoongozwa kwa taarifa za enkoda), kidhibiti hulinganisha nafasi kilichoiamuru na ile inayoripotiwa na enkoda. Tofauti ikizidi kikomo kilichowekwa, kinasimama. Usipanue kikomo hicho ili kunyamazisha alamu. Kikomo kipana humaanisha mhimili unaweza kutoka njiani mbali zaidi kabla haujasimamishwa.

Kinachoongoza ni kebo iliyomo kwenye mnyororo wa kebo. Nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Zima umeme, tenga kebo pande zote mbili (kwa enkoda za nafasi kamili, soma kwanza onyo la betri hapo juu), pima omu za waya mmoja mmoja huku mtu mwingine akisogeza mnyororo taratibu. Namba ikiruka hata kwa omu chache, kebo imekwisha. Weka kebo mpya ya aina iliyotengenezwa ili kustahimili kupindwa mara kwa mara, na usiipinde kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 10 ya unene wake ikiwa mtengenezaji hakusema vingine. Kuunga waya uliokatika ndani ya mnyororo ni kuahirisha tu.

Kinachofuata ni plagi ya upande wa mota. Maji ya kupozea hupenya pale ambapo mpira wa kuzuia maji umekatika. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini au mafuta meupe ndani ya plagi, badilisha plagi, kisha elekeza mdomo wake chini ili maji yasitulie juu yake.

Pima pia 5 V kwenye ncha ya enkoda, mwisho kabisa wa kebo. Chini ya 4.75 V, enkoda nyingi hazina uhakika.

Ishara za enkoda huja kwa jozi: A na kinyume chake, B na kinyume chake. Waya mmoja wa jozi ukikatika, mara nyingi mashine huendelea kufanya kazi kwa mwendo wa taratibu na kukosea tu kukiwa na kelele au kasi. Ndiyo maana mhimili unaweza kupita majaribio yote ya mkono na kufeli kazini. Kwa osiloskopu, nyaya zote za jozi zinapaswa kuonyesha mapigo yenye kimo sawa.

Ukiwa na mihimili miwili yenye mota, draiva na vigezo vinavyofanana, badilishana draiva umeme ukiwa umezimwa. Hitilafu ikihama pamoja na draiva, umeipata. Ikibaki palepale, rudi kwenye kebo na mota. Usifanye hivyo kati ya mhimili wa wima na wa mlalo.

## Dalili ya 4: Inafanya kazi ikiwa baridi, inakataa ikipata moto

Angalia feni na vichujio kabla ya kitu kingine. Vumbi la chuma lililochanganyika na mafuta huziba kipoza joto na pia hupitisha umeme kati ya pini. Lifyonze kwa mashine ya kufyonza na brashi. Hewa ya kompresa hulisukuma ndani zaidi, na mara nyingi huwa na maji. Pima joto la ndani ya paneli karibu na kidhibiti baada ya saa mbili za kazi, kisha linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kifaa.

Joto likiwa la kawaida na hitilafu ipo, kuna kiungo cha lehemu kilichopasuka au kipande kinachodhoofika. Mahali pa kutazama kwa lenzi ni chini ya vitu vizito au vinavyopata moto: soketi, rilei, koili, rekebisha-volti. Ufa huonekana kama duara jembamba jeusi kuzunguka pini. Kwa upande wa volti ndogo tu, pasha eneo moja kwa kikausha nywele bila kuzidi nyuzi 60 au 70, kisha lipoze kwa dawa ya kupulizia ya kupoza, fupi fupi, maana umande unaotokea nao huleta hitilafu mpya. Kipande kinachobadilisha tabia ndicho.

Kulehemu upya pini za soketi ni kazi ya fundi aliyezoea. Bodi za tabaka nyingi, na chipu ambazo miguu yake imejificha chini, zipelekwe kwa mwenye mashine ya kulehemia kwa hewa moto. Hitilafu ikitokea asubuhi tu na kuisha mashine ikipata moto, shuku unyevu au kapasita kavu.

## Dalili ya 5: Inasimama kwa dharura na hakuna aliyegusa kitufe

Mnyororo wa dharura ni swichi nyingi zilizofuatana, zote zikiwa zimefungwa katika hali ya kawaida. Moja ikifunguka kwa sekunde chache tu, mashine inasimama. Weka mita kwenye hali ya kurekodi, pande mbili za swichi moja. Swichi iliyofungwa inaonyesha karibu 0 V. Iliyofunguka itaacha alama ya 24 V kwenye kumbukumbu ya mita. Hama swichi moja baada ya nyingine, ukianza na zile za milango na za mwisho wa safari, kwa kuwa hizo ndizo zinazopata maji na mitikisiko.

Swichi zenye ncha za fedha zinazobeba milliampea chache tu hujenga utando wa kutu kwa sababu mkondo ni mdogo mno kuuchoma. Kwa ishara ndogo nunua zenye ncha za dhahabu. Sensa za ukaribu nazo husumbuliwa na chenga za chuma zilizonata usoni; tazama taa yake huku ukiifuta.

Usiunganishe waya wa kuruka swichi yoyote ya usalama, hata kwa jaribio la dakika moja mtu akiwa karibu na mashine. Rilei ya usalama yenye njia mbili ikijifunga kwa sababu njia hizo hazikubaliani, hapo simama na uite fundi mwenye idhini ya mifumo ya usalama.

Kuongeza muda wa kuchuja ishara kwenye vigezo huficha tatizo na kuharibu usahihi wa sifuri: kwa kasi ya 1000 mm kwa dakika, kuchelewa kwa milisekunde 5 ni 0.08 mm.

## Dalili ya 6: Sifuri inahama

Ikihama kwa sehemu ndogo za milimita, swichi ni chafu au imelegea. Ikihama kwa urefu kamili wa mzunguko mmoja wa skrubu, kwa mfano 5 mm au 10 mm hasa, swichi inafunguka karibu mno na alama ya sifuri ya enkoda, hivyo mara inashika alama hii na mara inayofuata. Sogeza swichi nusu mzunguko. Ni marekebisho ya dakika kumi, kisha upime upya sifuri za kazi zote.

## Dalili ya 7: Mawasiliano na kompyuta au draiva yanakatika

Kebo ya USB iwe fupi kuliko mita 2, yenye pete ya feraiti, na uzime mpangilio wa kompyuta wa kulaza soketi za USB. Ukiweza kuhamia Ethernet, hamia. Inavumilia kelele vizuri zaidi. Plagi ya mtandao yenye ulimi uliovunjika haifai kufungwa kwa gundi.

Kwenye CAN (mtandao wa ishara wa nyaya mbili), zima umeme na upime kati ya nyaya mbili za ishara. Omu 60 ni sahihi. Omu 120 humaanisha kizuizi cha mwisho kimoja hakipo. Omu 40 humaanisha vipo vitatu. Kwenye EtherCAT (mtandao wa draiva unaotumia kebo za Ethernet), soma vihesabio vya makosa vya kila kituo: sehemu ambayo hesabu inaanza kupanda ndiyo yenye kebo au plagi mbaya.

## Wakati wa kusimama

Ita fundi wa mtengenezaji au wa draiva ukikuta harufu ya kuungua, alama nyeusi ndani ya draiva, breki ya wima inayoteleza, au breka inayoruka tena baada ya kuwashwa mara moja. Usifunge klipu ya osiloskopu ya kawaida kwenye DC ya draiva. Klipu hiyo imeunganishwa na ethi, na mlipuko hutokea hapohapo. Kipimo hicho kinahitaji probu ya tofauti (inayopima kati ya pointi mbili bila kuziunganisha na ethi) na mtu anayeijua.

Ukishatengeneza, jaribu kuirudisha hitilafu kwa makusudi: tikisa kebo ileile, anzisha spindo mara ishirini, funga paneli joto lipande. Kisha iendeshe mashine kwa angalau mara tatu ya muda mrefu zaidi uliowahi kupita kati ya tukio na tukio kwenye daftari. Rudisha kila kigezo ulichobadilisha wakati wa majaribio, hasa kasi, vichujio na vikomo vya alamu, ukilinganisha na nakala uliyoihifadhi mwanzoni.